Nimeshindwa kupanda bato, banasema sina imani

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi na karibu zote ni juu ya woga. Sijui ni juu ya mvua ao ni juu ya mambo yenye tumepitia hapa Goma. Nimechagua tatu. Ya kwanza nitakaa nayo sana kwani niliisoma usiku mara mbili na usingizi ukapotea, wengine mnisamehe.

*

Dada, nakusalimia kwa jina la Bwana. Miye ni mama wa batoto bane, naishi Majengo. Kazi yangu ni kuleta maharagi na ndizi toka Minova nauzisha ku soko ya bandari ya Kituku. Zamani tulikuwa tunapita barabara ya Sake mu fuso lakini vita ilifunga barabara mu 2024 tukaanza kupanda bato (mashua kubwa ya ziwa) sisi bote. Ile tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 miye sikusafiri, mutoto alikuwa na malaria, nikatuma rafiki yangu yenye tunauzisha naye meza moja aniletee gunia mbili. Nilikuwa nimesimama ku bandari namungojea. Bato ilizama pale pale mbele yetu, watu wa inchi kavu tunaangalia. Hatukumupata. Kopo yake ya kupimia maharagi iko chini ya meza yangu mpaka leo, siwezi kuitumia na siwezi kuitupa.

Toka siku ile sijapanda tena. Nanunua kwa bengine ku bei ya juu, faida ni kidogo, batoto babili bamefukuzwa ku masomo juu ya minervali (pesa ya masomo). Pasta wetu alisema mbele ya chumba ya maombi kama Mungu hakutupa roho ya woga, kwa hiyo woga ni zambi na mimi nipashwe kufunga siku tatu kisha nipande kwa imani. Nilifunga. Siku ya ine nikaenda bandari, nikafika ku ubao ya kupandia, nikatapika mbele ya batu bote, nikarudi. Sasa bamama banasema imani yangu ni ya mudomo. Dada, kuogopa ni zambi? Na ule uhodari wenye Biblia inasema, mimi nitautoa wapi?

Mama wa Majengo

*

Mama wa Majengo, pole. Pole sana kwa rafiki yako. Naanza na yeye kwani katika barua yako ndefu ulimpa mistari michache tu, ukaweka ile kopo, kisha ukakimbia haraka kwenda kwa pasta na kwa imani, na mimi nafikiri barua yako yote iko ndani ya ile kopo. Mtu amepoteza mwenzake wa meza moja, ameona kwa macho yake, gunia zenyewe zilikuwa zake, halafu wanamwambia apande njia ileile akiwa na njaa ya siku tatu. Mwili ukikataa mnasema ni shetani? Na kutapika, mama, tumbo ya siku tatu bila kitu na harufu ya mazutu (mafuta ya dizeli) pale Kituku, hata mimi mwenye sijapoteza mtu ningetapika.

Sasa ile verse. Pasta wako simjui na sitaki kumsema vibaya, labda yeye pia anaogopa, wachungaji nao wamezika watu wengi hapa. Lakini verse aliikata mkia. 2 Timoteo 1:7 nzima iko hivi: "Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi." Moyo wa kiasi, hapo watu wanapita mbio kama wamekutwa na mvua. Moyo wa kiasi njo ule unasimama ku bandari unahesabu vichwa, unaangalia maji yamefika wapi ku ubavu wa bato, unauliza gile (majaketi ya kuokoa mtu asizame) ziko wapi, na jibu likiwa baya unarudi nyumbani na pesa yako ya tiketi. Huo pia Mungu njo alitupa, mu verse moja na nguvu. Tena angalia nani alikuwa anaandikiwa. Timoteo alikuwa kijana wa kuumwa-umwa, tumbo lake linatajwa mpaka mu Biblia (1 Timoteo 5:23), na mwenye kumwandikia alikuwa mfungwa. Mzee wa jela anamtia moyo mtoto wake wa kiroho. Barua ya namna ile kuifanya fimbo ya kumchapia mama wa watu mbele ya wenzake, hapana.

Na kwa sababu mambo yako ni ya bato nitakupeleka ku mtu wa mabato, huyo huyo Paulo. Soma 2 Wakorintho 11:25, anahesabu taabu zake na anasema mara tatu alivunjikiwa jahazi, usiku na mchana mzima alikuwa mu kilindi cha bahari. Mara tatu! Na hiyo barua aliiandika mbele ya ile safari ya Roma ya Matendo 27, kumaanisha siku anapandishwa ile merikebu alikuwa mtu mwenye amekwisha kuzama mara tatu. Mimi nimesoma Matendo 27 tangu Ekodim (masomo ya batoto ya jumapili) na sikuwahi kufikiri juu ya hiyo mpaka barua yako ifike.

Sasa angalia vile alifanya. Kwanza alisema tusiondoke, hii safari itakuwa na hasara, ya mizigo na ya maisha yetu pia. Hakuna mwenye alimwambia huna imani, lakini akida alimsikiliza nahodha na mwenye merikebu zaidi ya Paulo (hii tunaijua, si ndiyo? mwenye bato na haraka yake). Tufani ikawapiga siku 14, hawaoni jua hawaoni nyota, wakatupa mizigo majini. Usiku malaika akamsimamia akamwambia "Usiogope, Paulo." Mama, kwa nini amwambie usiogope kama alikuwa haogopi? Unamwambia pole mtu mwenye ameumia. Maneno "usiogope" mu Biblia mimi nayasikia kama mkono juu ya bega, sijawahi kuyasikia kama kofi.

Na malaika alikuwa amempa ahadi kabisa, hakuna hata mtu mmoja atakufa. Na ahadi mkononi, Paulo alifanya nini wakati mabaharia walitaka kutoroka na mashua ndogo? Alienda kwa akida akasema hawa wasipobaki ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka. Askari wakakata kamba. Ahadi ya Mungu anayo na bado anachunga nani anashika usukani! Kwa hiyo mwenye anakwambia gile ni ya wasio na imani, mwambie akasome pale polepole.

Kisha inakuja sehemu yenye naipenda zaidi, na hapa njo jibu la "nitautoa wapi". Karibu kuche, watu wako 276 ndani, karibu sawa na watu wenye wanapakiwa mu bato moja huku kwetu, hawajakula vizuri siku 14, Paulo anachukua mkate, anashukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, anaanza kula. Biblia inasema njo wote wakachangamka, nao wakakula. Mawimbi yalikuwa yangali, hakuna kitu kilikuwa kimebadilika inje, ila mtu mmoja alikula na wengine wakapata nguvu ya kula. Weye wamekuambia ufunge, yeye aliwaambia wale. Sisemi kufunga ni mbaya, ninafunga mimi pia, lakini mtu mwenye huzuni na woga wa namna yako anahitaji kwanza bugali na usingizi na watu karibu yake. Eliya pia alipochoka mpaka anaomba afe, Mungu alimpa mkate na maji, akalala, akaamka akala tena, hotuba ikakuja nyuma kabisa (1 Wafalme 19).

Unangojea uhodari ukuje kwanza ujae mu kifua kisha upande. Utangoja sana. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jumamosi ile magaribi Nyiragongo ikapasuka, mimi mwenye nakuandikia hapa, mwimbaji wa kwaya zaidi ya miaka 20, mwenye nilikuwa nimekwisha kuona lava ya 2002 ikipita katikati ya muji, nilitoka mu nyumba na sufuria ya maharagi juu ya kichwa, maharagi yenyewe hayajaiva, na Biblia niliiacha juu ya meza. Mbingu nyekundu. Mama yangu mzazi nilikuwa namvuta mkono. Nikajaribu kuomba Baba Yetu nikafika pale pa "utupe leo" akili ikakataa kuendelea, basi nikawa narudia hapo hapo, utupe leo, utupe leo, mpaka tukaona watu wengine wamesimama na sisi tukasimama. Lava ya usiku ule ilikomea kule Buhene. Siku tano nyuma yake wakatuambia tuhame kartie (mitaa) kumi, tukatembea mpaka Sake, na njiani miguu ilikuwa inatetemeka saa zote na saa zote inatembea. Mtu akiniuliza uhodari ni nini namwambia ilikuwa mu ile miguu. Na maharagi tuliyapika Sake, yakaiva, jirani mwenye hatusalimiane toka mwaka uliopita akakula nasi.

Kuogopa kwako siyo zambi mama. Yesu mwenyewe mu Getsemane, Marko anaandika, alianza kufadhaika sana na kuhangaika. Kwa wale wataniandikia "na ile ya mashua, mbona mmekuwa waoga?", ndiyo, aliwauliza, lakini mu Marko 4 alikemea upepo kwanza kisha njo akawauliza. Najua Matayo alipanga kinyume, musinitumie voisi ya dakika kumi.

Sasa mambo ya kufanya, kwani batoto hawawezi kula mafasirio. Usipande mwezi huu. Paulo nyuma ya kuzama walikaa Malta miezi mitatu mbele ya kupanda ingine (sawa, ilikuwa juu ya majira ya baridi, lakini walikaa). Uende ku kituo cha afya chenye kiko karibu uulize APS, wale wamama ao wababa wa kusikiliza watu, umwelezee kila kitu mpaka kutapika, hiyo ni dawa sawa na ya malaria na haitoe imani. Kisha, siku yenye huna mzigo, uende bandari na mtu mwenye unamwamini, mukae tu, munywe chai, murudi. Wiki ingine tena. Siku moja labda utasikia umeweza, siku hiyo uchague bato yenye haijajaa, mchana, ziwa limetulia, gile umefunga mbele ya kuondoka siyo umeikalia kama mto. Na kama hausikie kamwe, basi, kuna mama wengi wanauza vizuri bila kugusa maji. Zungumza na wenzako wawili watatu wa Kituku mununue pamoja kwa mwenye kuleta, bei itashuka kidogo, na kama uko mu likelemba (kikundi cha kuchangishana pesa kwa zamu) omba zamu yako isogezwe mbele juu ya minervali. Hiyo ya kuomba zamu, kwa wengi wetu, inadai uhodari kupita bato.

Pasta umwone peke yake, na heshima, na bwana yako akiwepo. Mwambie habari ya kopo. Mara nyingi wanahubiri vile kwa sababu hakuna mwenye amewaambia habari ya kopo.

*

Dada yangu, niko kijana wa Bukavu, Kadutu. Nilipata kazi mu stoki (gala ya mizigo) ya mahali fulani, miezi saba sasa, niko na bibi na mtoto moja wa miezi ine. Chefu wangu ananipa makaratasi nisinye (niweke saini) kama mizigo imeingia yote, na mimi naona kwa macho haijaingia yote. Mara mbili nimesinya. Mara ya tatu nimeomba ruhusa nikasema naumwa. Usiku naomba Mungu anipe uhodari wa kukataa, asubuhi nikimuona nakuwa kama mtoto. Nifanye nini?

Mwenye kalamu nzito

*

Kalamu nzito, asante kwa kusema ukweli kwamba mara mbili umesinya. Wengi wanaandika wakianzia ku ile ya tatu.

Hapa Goma tuko na kijana wetu, Floribert Bwana Chui. Alikuwa anafanya kazi ku OCC, wale wa kuchunguza vyakula vinavyoingia, na mu 2007 alikataa kupitisha chakula chenye kiliharibika, wakampa hongo akakataa, wakamteka, wakamuua mwezi wa saba, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 kule Roma alitangazwa Mwenyeheri, na ibada ilifanyika mu basilika ya Mtakatifu Paulo, huyo huyo Paulo wa mabato, nimeshangaa na mimi. Simleti hapa ili nikwambie uende ukafe. Baba wa mtoto wa miezi ine siwezi kumwandikia maneno ya namna ile nikiwa nimekaa na chai. Namleta kwa sababu ya maisha yake ya mbele: alikuwa mu jumuiya ya Sant'Egidio, anaomba na wenzake, anashughulika na maibobo (batoto ba barabarani) wa muji huu wenye kila mtu anawafukuza. Siku ya hongo ilimkuta mtu mwenye amezoea kuona kwamba mtu asiye na jina anaweza kuumwa ao kufa juu ya saini yako. Weye uko peke yako usiku na Mungu, na asubuhi uko peke yako na chefu. Hiyo peke yako njo inakumaliza.

Kwa hiyo leo, mbele ya kitu kingine, mwambie bibi yako. Yote, na zile mara mbili. Atakasirika, kisha mtapanga pamoja mutaishi namna gani ikiwa kazi imeisha, mutahesabu franga ngapi ziko, nani anaweza kuwakopesha, kwani woga mwingi ni wa hesabu yenye haijafanywa. Kisha tafuta mzee mmoja mwenye kumcha Mungu na mwenye anajua mambo ya biro. Ku kazi, usifanye hotuba. Kama karatasi inasema 100 na umehesabu 80, andika 80, useme "chefu, nimehesabu 80, nikisinya 100 siku ya kontrole njo mimi nitaulizwa". Ni kweli na haimtukane. Weka alama ya tarehe mu kakarne (kadaftari) kako nyumbani.

Anaweza kukufukuza. Shadraka na wenzake walimwambia mfalme Mungu wetu anaweza kutuokoa, kisha wakaongeza "bali kama si hivyo", bado hatutaabudu (Danieli 3:18). Nasikitika kwamba sina verse yenye inaondoa ile "kama si hivyo". Kama ikitokea, uniandikie tena, usinyamaze, na sema ni kazi gani unajua kufanya.

*

Shikamoo dada. Mtoto wangu wa kiume wa miaka 7 toka ile risasi ya mwezi wa kwanza 2025 anakojoa ku kitanda kila usiku. Tunaomba naye kila magaribi, tunakemea roho ya woga, baba yake amemchapa, hakuna kitu. Tuombe namna gani?

Mama wa Katindo

*

Marahaba. Kwanza baba aache fimbo leo, siyo kesho. Mtoto analala, hajui, unamchapa juu ya kitu alifanya akiwa hayuko.

Pili, munaposimama wakubwa wanne juu ya kitanda chake munapiga kelele mu giza munakemea roho, yeye anasikia nini? Anasikia kelele mu giza, kama ile siku. Ombeni fupi, polepole, mmoja tu, mkono juu ya kichwa chake. Kuna Zaburi 56:3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", ni fupi, aishike, aiseme mwenyewe akitaka. Na asipotaka usimlazimishe, umwimbie. Mpeleke kituo cha afya wapime mkojo, inaweza kuwa ugonjwa tu, na uwaambie pia habari ya risasi. Taa muiache ikiwaka kama umeme uko, ao kitochi kidogo karibu yake. Mwamshe akojoe mbele ya weye kulala. Asubuhi musiseme kitu mbele ya ndugu zake.

Na godoro weka plastiki chini ya shuka, ile ya kufunikia mizigo ku soko, inauzwa kwa metre. Kwa mvua hii ya Goma godoro likilowana halikauke wiki nzima.